Mbavu Zinazonuka Vanishi

4 Februari

Wifi yangu,

Salamu hizi zikukute mzima, na kama si mzima basi zikukute umekaa, maana barua hii si ya kusomea kwenye foleni. Sisi huku tunapumua. Mama yako goti linamsumbua, lakini mdomo haujawahi kuumwa hata siku moja. Watoto wanakua na viatu vinawafuata kwa shida. Bati la jikoni bado linavuja pale pale ulipoliacha ukisema utatutafutia fundi.

Sasa nije kwa kaka yako, ambaye ukoo wenu ulinikabidhi bila maelezo ya matumizi.

Wifi, nyama inanuka. Si kuoza, hilo ningejua la kufanya. Inanuka moshi mbaya. Unazijua mbavu za duka letu zilivyokuwa: mtu akipita barabarani ameshiba, anaingia. Siku hizi mtu anaingia na njaa yake na anatoka nayo. Wiki iliyopita mwalimu wa udereva, yule mwenye tumbo linalogusa usukani, alitafuna ubavu mmoja, akauweka chini, akaniuliza kwa upole, "Mama, huu ni ubavu wa ng'ombe au wa kabati?" Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaenda nyuma nikauonja. Ni kabati, wifi. Kabati jipya lililopakwa vanishi jana.

Nadhani ni peleti, hizi punje za mbao tunazochomea nyama. Tangu Januari kaka yako ameacha zile tulizozoea kutia kwenye jiko la moshi, sasa ananunua nyingine kwa muuza vifaa vya ujenzi, kwenye mifuko myeupe isiyo na maandishi. Nikimwambia zina harufu, ananijibu, "Pua ya nani inalisha nyumba hii?" Na kweli ni yake, ndiyo maana nanyamaza. Yeye ndiye Bwana Moshi, mimi ni mfuta meza.

Wewe unafanya kazi wanakotengeneza peleti. Nifundishe kuzijua nzuri na mbaya ili nimshinde kwa hoja. Ila usimwandikie yeye. Akijua nimekuuliza wewe atavimba mpaka mlango usimtoshe.

Wifi yako mvumilivu


27 Februari

Wifi mvumilivu,

Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta pembeni. Nililinusa kabla sijasoma neno. Ni kabati kweli.

Mimi sijambo. Chumba changu kina dirisha sasa, zamani lilikuwa tundu. Kiwandani tumeletewa mkuu wa zamu anayepiga filimbi hata akiwa chooni. Fundi wa kikaushio anawasalimu. Usiulize fundi gani, ni fundi tu, anakausha unga wa mbao. Mwambie mama goti alipake mafuta, mdomo aupumzishe.

Kuhusu mumeo: hukukabidhiwa, ulimchukua mwenyewe. Nilikuwepo. Nilikuonya mbele ya mashahidi kwamba anakoroma, ukasema kwako hicho ni kinanda.

Sasa sikiliza. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu mpaka ukapata moto na kushikana wenyewe. Mbao nzuri haihitaji gundi. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: unga umetoka kwenye mti gani? Za kupikia hutoka kwenye miti migumu isiyo na ulimbo: mpera, mwembe, mchungwa na ndugu zao. Msonobari uweke mbali na chakula, ulimbo wake unatoa moshi mchungu. Tena kuna peleti za matanuri ya viwandani. Hizo hutiwa chochote: mbao za kubomolea nyumba, plaiwudi, vitanda vya marehemu. Joto zinatoa sawasawa, lakini tanuri halina ulimi.

Peleti nzuri inang'aa kama goti la mtoto aliyepakwa mafuta. Ivunje: ikatike ta, kama biskuti mpya. Ikipondeka kama biskuti iliyosahauliwa mfukoni, imekula unyevu. Tazama chini ya mfuko. Vumbi likiwa jingi, umeuziwa vumbi, nalo litaziba skrubu inayosukuma peleti kwenye moto. Tumbukiza chache kwenye glasi ya maji: zinatakiwa zivimbe na kufumuka upesi, ziwe unga mtupu. Zikibaki ngumu kama kokoto, kuna gundi. Maji yakifanya utando wa mafuta, kuna kitu kimeongezwa. Na moshi uwe mwembamba, unaoelekea samawati. Ukiwa mweupe mzito kama wa basi bovu, zima jiko.

Kilichobaki ni kunusa, na hilo si la kumfundisha kaka yangu. Yule alikuwa akikaa sebuleni anakuambia jirani wa tatu amebadilisha sabuni. Ndiyo maana barua yako imenishangaza. Nitumie peleti chache kwenye bahasha.

Wifi yako mwenye dirisha


18 Machi

Wifi mwenye dirisha,

Kwanza hongera, maana dirisha si jambo dogo. Sisi tuko salama. Mtoto mkubwa amefaulu hesabu na kuanguka mwandiko, anasema ni damu ya baba yake. Mama yako amegombana na redio, hawasemeshani.

Vipimo nimefanya vyote, nikiwa nimejifungia stoo kama mwizi wa sukari. Nilivunja moja, haikukatika, ilipondeka. Chini ya mfuko kuna vumbi la kutosha kumzika paka. Kwenye glasi nusu zilifumuka na nusu zikakaa chini zikinitazama, na juu maji yana rangi rangi kama petroli kwenye dimbwi. Moshi ni mweupe hivi kwamba jirani aliuliza kama tunafukuza mbu.

Nikampelekea kaka yako ile glasi. Akaitazama, akasema, "Nyama yako wewe unaichemshia kwenye glasi?" Nikamwambia basi nusa. Wifi, alizamisha uso mzima ndani ya mfuko, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akatoka ana unga puani kama mwoka mikate. Akasema, "Mpera. Mpera mtupu." Na mimi nilikuwa nimesimama kule mlangoni macho yananitoka machozi kwa vanishi.

Halafu kuna jambo la ajabu. Kila asubuhi sasa ananiita kwenye jiko. "Njoo unuse hii, uone utamu." Zamani hakutaka hata kivuli changu kikaribie pale. Nainama, nanusa, yeye amenikodolea macho kama anatafuta chunusi. Nasema nzuri, narudi kwenye meza zangu. Ningefanya nini? Nimwambie mtu ukweli kabla hajanywa chai?

Na hiyo chai yenyewe, jana mama yako aliitema sakafuni akisema maziwa yamechacha. Kweli yalikuwa yamechacha. Kaka yako alikuwa ameshamaliza kikombe chake. Basi ni uchovu tu. Mtu akifanya kazi sana ulimi nao unachoka, si ndivyo?

Peleti zimo humu. Huyo fundi wa kikaushio na mimi namsalimu. Zaidi ya unga, anakausha nini kingine?

Wifi yako


9 Aprili

Wifi mpelelezi,

Salamu zimefika, na bahasha pia, Mungu awasamehe. Hongera za mtoto mkubwa. Mwandiko asijali, mimi niliajiriwa na mwandiko huu huu unaouona. Mama apatanishwe na redio kabla ya uchaguzi wa chama cha akina mama, atahitaji habari.

Bahasha niliifungua kantini. Watu walihama, tukabaki mezani mimi na fundi wa kikaushio peke yetu, jambo ambalo halina maana yoyote. Alizivunja kwa kucha akasema hiyo ni fanicha ya zamani imesagwa na rangi zake na vanishi yake. Zimetengenezwa kwa ajili ya matanuri ya matofali. Muuzaji huenda hata hakudanganya, hakuna aliyemuuliza. Ziacheni leo hii, wifi. Hapo si ladha tu inayoharibika, moshi wa rangi ni sumu.

Sasa tuweke utani pembeni kidogo, tutaurudia. Kaka yangu amezamisha uso kwenye vanishi akasema mpera. Amemaliza kikombe cha maziwa yaliyochacha. Ile homa ya mwaka jana uliyoniandikia kwa mstari mmoja, "kaka yako aliumwa kidogo, amepona," ilimwachia nini? Wewe huulizi. Unaniuliza mimi habari za gundi na unyevu, na jibu linakoroma kitandani kwako.

Nimewatumia mfuko wa mpera kwa gari la mizigo. Nilisimama mwenyewe kwenye mashine ulipokuwa unatoka. Weka huo na ule mweupe mbele yake, umuulize upi ni upi.

Usinikasirikie.

Wifi yako


30 Mei

Wifi,

Hatujambo. Mama hajambo. Watoto hawajambo. Mfuko ulifika, asante. Mvua ni nyingi. Kazi inaendelea. Kaka yako hana tatizo lolote na hajawahi kuwa nalo.

Wasalaam.


11 Juni

Mheshimiwa Wifi,

Barua yako nimeipata. Niliwahi kupokea notisi ya kukatiwa maji yenye mapenzi kuliko hiyo. Hata habari za fundi hukuuliza, ndipo nikajua mambo ni mazito.

Mimi ni mzima. Dirisha limepata pazia, na aliyelitundika alikuja na ngazi yake mwenyewe. Sisemi zaidi.

Umeniambia mfuko umefika, hukuniambia umefunguliwa. Sitakuuliza tena. Ila ukitaka kumlaumu mtu, nilaumu mimi, niko mbali na nina ngozi ngumu. Yeye yuko karibu.

Wifi yako, upende usipende


6 Julai

Wifi yangu, upende usipende,

Nisamehe ile notisi ya maji. Wote ni wazima, na leo nakuandikia kwa mikono miwili.

Mfuko wako niliukalia. Yaani niliukalia hasa, kule stoo, kila nilipoenda kulia. Peleti mbovu alikuwa bado anazitia, na mimi namwacha. Wateja walishapungua mpaka wakabaki wawili watatu na mbwa, na mbwa naye akaanza kuchagua.

Jumapili, duka limefungwa, nikachukua mabeseni mawili. Kushoto nikamimina mpera wako, kulia kabati. Nikamwita.

"Nionyeshe mpera ni upi."

Akainamia la kwanza, akainamia la pili. Halafu akainua macho akanitazama mimi. Si mabeseni, wifi, mimi. Akausogeza mkono taratibu kuelekea kulia, huku ananitazama. Akaurudisha kushoto, ananitazama. Ndipo nikajua jibu analitafuta usoni kwangu. Nikavua aproni nikajifunika uso mzima.

"Haya, chagua sasa."

Nikasikia kiti kinalalamika, amekaa.

"Toa hicho kitambaa," akasema.

"Chagua kwanza."

"Siwezi. Tangu ile homa. Hakuna kitu, mke wangu. Ni kama mtu amezima redio."

Nikamuuliza huku nimejifunika vile vile, mbona hakuniambia.

"Nikuambie nini? Watu wanakuja hapa kwa ajili ya pua yangu. Hata wewe ulikuja kwa ajili ya pua yangu."

Nikamwambia asijipe cheo. Nilikuja kwa ajili ya mabega, nayo yalishuka zamani.

Nikamuuliza, "Na hizi takataka ulizichaguaje?"

"Sikuzichagua mimi. Ulizichagua wewe."

Hapo aproni niliitoa. Akanieleza. Siku ile ya Januari muuzaji alikuja na mifuko ya aina kadhaa, akaifungua uani. Kaka yako hakuwa na namna, akaniita ninuse, akawa anausoma uso wangu. Mfuko wa kwanza nikakunja pua kidogo. Wa pili sikuonyesha lolote. Kwa ule mweupe nikatabasamu. "Ulitabasamu mpaka jino la nyuma likaonekana," akasema. "Nikajua ndio wenyewe."

Wifi, siku hiyo naikumbuka. Tulikuwa tumenuniana tangu mwaka uanze, kisa nilimwambia mchuzi wake umezidi chumvi akasema nimeota pembe. Siku kadhaa nyumba nzima kimya. Pale uani, alipofungua ule mfuko mweupe, ndipo alipoweka mkono begani kwangu na kuniita kwa jina langu. Sikunusa chochote. Nilikuwa namtabasamia yeye.

Na asubuhi zote zile nilizosema "nzuri" ili siku ipite kwa amani, mwenzangu alikuwa anazichukua kama majibu ya maabara. Kumbe mimi ndiye niliyewalisha watu kabati, kwa adabu.

Nilimwambia yote. Tukatazamana. Yeye akaanza kucheka, mimi nikaanza kulia, halafu tukabadilishana.

Mama yako alikuwa mlangoni, unajua hakuna mlango wa nyumba hii asiousimamia. Akasema, "Mimi nilijua tangu Desemba."

Tukamuuliza alijuaje. Akajibu kwa utulivu wa hakimu.

"Tulikuwa mezani, nikatoa shuzi pembeni yake. Shuzi la maharage. Hakuhama, hakugeuka, akaniomba nimpitishie maji. Mwanangu ninayemjua mimi angehama mtaa."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje bila kujitaja?"

Mifuko myeupe iliondoka asubuhi iliyofuata, mchoma matofali aliichukua kwa furaha. Jiko nimelisugua lote, mpaka vyuma vya kuwekea nyama tumebadilisha. Jumanne tuliwasha mpera wako. Moshi ulitoka mwembamba, rangi ile ile uliyoandika. Nilisimama pale nikivuta harufu, na kaka yako amesimama pembeni ananitazama navuta. Hapo tena machozi, ila hayo usimwambie mtu.

Wifi yako


2 Agosti

Wifi yangu kipenzi,

Naandika mbavu zinaniuma kwa kucheka. Nilisoma ya mama kantini, nikamwaga uji, mkuu wa zamu akaacha filimbi katikati. Mwambie mama namwamkia na ninaheshimu sayansi yake.

Nilipomaliza kucheka nilitoka nje, nikakaa juu ya marobota ya maranda, nikalia vizuri. Yule ndiye aliyenifundisha kunusa mvua kabla haijafika. Nilikuwa mdogo, ananiinua mabegani ananiambia, "Vuta, imeshapita kule kwenye mitaa ya juu." Hakuwahi kukosea. Kumfikiria amekaa miezi yote hiyo peke yake ndani ya kimya kile, na sisi tunahesabu vumbi kwenye mfuko, kumeniumiza. Mpeleke hospitali, asikuambie ana kazi.

Nawatumia mifuko mingine, mpera na mchungwa. Mchungwa ni mpole, unafaa kuku. Ihifadhi ndani ya pipa lenye mfuniko, juu ya ubao, si sakafuni. Mvua zenu hizo zikiingia humo utakuwa na uji wa mbao.

Fundi wa kikaushio anasema wewe ulistahili kuwa wakili. Ndiyo, barua zako huwa namsomea. Sasa umepata ulichokuwa unakitafuta tangu Machi, lala usingizi.

Wifi yako


14 Septemba

Wifi yangu, bibi harusi mtarajiwa, usibishe,

Tunakusalimu wote kwa kelele. Mama yako ameshaanza kuulizia huyo fundi ana ndugu wangapi na kama anakula maharage. Mlete. Akivumilia mlo mmoja pembeni ya mama, ametahiniwa.

Hospitali tulikwenda. Daktari alimwangalia puani na taa, akasema huenda ikarudi, huenda isirudi, huenda ikarudi nusu. Amempa zoezi: kila asubuhi anuse limau, karafuu, kahawa na sabuni, akikumbuka kila kimoja kilivyokuwa. Anakaa pale uani amefumba macho na limau puani kama mtu anayeongea na simu. Mpaka sasa hajibiwi.

Kazi tumeigawa upya. Kuvunja peleti ni kazi yake: anaisikiliza inavyokatika, anaitazama ndani, anapima majivu yanayobaki, na hapo hadanganyiki. Kunusa ni kwangu. Na neno "nzuri" limepigwa marufuku jikoni. Anasema nzuri ni ya watu wanaoaga msibani. Anataka nieleze. Mwanzoni nilikuwa bubu, wifi, sikujua kwamba nina pua lakini sina maneno. Sasa najitahidi. Mpera wako nilimwambia unanuka kama shati lililoanikwa karibu na jiko la mkate. Mchungwa, kama chumba alimolala mtoto mchana. Muuzaji mwingine alituletea sampuli, nikanusa, nikamwambia, "Hii inanuka kama ofisi ambayo hawajalipwa mshahara." Akaufunga mfuko bila kuuliza.

Wateja wanarudi. Mwalimu wa udereva aliletwa na mwanafunzi wake, gari lilizimika mbele ya duka, akasema ni bahati mbaya. Alimaliza sahani mbili kwa bahati mbaya. Nilimweleza kisa chote, kwa idhini ya mwenye pua, maana nimechoka na siri. Alisikiliza, akamwendea kaka yako kwenye jiko akampa mkono, bila utani wowote. Kumbe ana adabu.

Sasa nikuambie la jana, halafu nikalale. Nilinunua mafuta ya kujipaka, yana harufu ya maua, yale ambayo zamani nikijipaka kaka yako alikuwa anaacha nyama iungue. Nilijipaka kwa mazoea tu, nikijua ni bure. Nikaenda jikoni kuchukua kisu. Nikaenda tena kukirudisha. Nikaenda mara ya tatu kuangalia kama bado kipo. Yeye ameinama anageuza kuku, akasema bila kuinua kichwa, "Leo umejipaka kitu."

Nikashika ukingo wa meza. "Umenusa?"

Akageuza kuku wa mwisho, akafunika jiko, akafuta mikono taratibu.

"Hapana. Nimekuona umepita hapa mara tatu na huna kazi huku."

Wifi yako